Maji ya Udhu na Maji ya Kunywa



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyetueleza katika Suratul Anbiyaa kwamba kila chenye uhai amekijaalia kutokana na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, mlango wa kwanza tuliofundishwa madrasa, kabla ya swala, kabla ya funga, ulikuwa mlango wa maji. Tulikariri tukiwa wadogo kwamba maji mutlaq ni twahara na yanatwaharisha, na kwamba yakiingiwa na najisi ikabadilisha rangi, ladha au harufu yake, basi yamenajisika. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imam Shafi tukaongezewa hukumu ya qullatayn: maji machache yananajisika kwa kuingiwa tu na najisi hata yasipobadilika, na maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike. Wanazuoni wa zama hizi wanaikadiria qullatayn kuwa lita 200 na ushei, ingawa hesabu zao zinatofautiana. Kwa lugha ya nyumbani, ni pipa moja la chuma lililojaa, au zaidi kidogo.

Nataka tuuchukue mlango huo tuupeleke Juba, Sudan Kusini, katika mtaa wa Hai Cinema, ambako nilikaa likizo ndefu ya mwaka 2025 kwa ami yangu anayeuza vipuri vya pikipiki. Nimeona huko kwamba mlango huu, ukisomwa nusu, unaweza kumfanya Muislamu mwema akatoa sadaka ya maradhi.

Juba imelala ukingo wa magharibi wa Mto Nile, ambao kwa sehemu ile huitwa Bahr el Jebel. Mabomba ya mji hayafiki kwenye nyumba nyingi. Maji huja kwa malori ya matangi: lori linashuka mtoni, linavuta kwa pampu, kisha linapita mitaani kujaza mapipa na matangi ya watu. Asiyeweza kununua pipa hununua dumu la lita 20 kwa muuzaji wa baiskeli. Viko vituo ambako maji hutiwa klorini kabla lori halijaondoka, na ziko sehemu za ukingo ambako maji yanavutwa pale pale watu wanapofua, wanapooga na wanapoosha pikipiki. Likishafika mlangoni kwako huwezi kujua kwa kulitazama limetoka wapi. Visima virefu vipo pia, ila vingine maji yake yana chumvi, na mwenye nafasi hurudi kwenye maji ya mto.

Likizo ile kipindupindu kilikuwa hakijaisha. Wizara ya Afya ya nchi ile ilikitangaza tarehe 28 Oktoba 2024, na ukawa mlipuko mkubwa kuliko yote tangu uhuru wa mwaka 2011. Wala haukuwa wa kwanza. Juba ilipigwa mwaka 2014, ikapigwa tena 2015, na mlipuko ulioanza katikati ya 2016 uliendelea mpaka mwisho wa 2017, ukaugusa karibu kila upande wa nchi. Watu zaidi ya 20,000 waliugua na zaidi ya 400 walifariki. Ugonjwa huu unaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa saa chache, ilhali akiwahiwa kwa maji ya chumvi na sukari maalumu, yale ya pakiti za ORS, na dripu kwa aliyezidiwa, karibu wote hupona. Njia yake kuu ni kinyesi kufika kwenye maji au chakula. Hakuna fumbo kubwa hapo.

Sasa, langoni kwa ami upo mtungi mkubwa wa udongo, ule ambao Juba na Sudan nzima huuita zir. Ni sabili. Ameuweka kwa niaba ya marehemu bibi yangu, mama yake, akifuata hadithi ya Saad bin Ubada (R.A.), aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) ni sadaka gani bora amtolee mama yake aliyefariki, akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima. Kila siku baada ya Alasiri vijana wa bodaboda husimama pale, hunywa, huomba dua na kuondoka. Wengi si Waislamu, na hakuna anayeulizwa.

Siku moja nilimwambia: "Ami, naomba maji ya sabili tuwe tunayatia dawa."

Akanitazama. "Mwanangu, dawa ile inanuka. Wewe ndiye unayesoma dini. Maji yakibadilika harufu, yanafaa?"

Tuangalie kwa makini swali hili, maana ami si mjinga. Anapima kwa mizani aliyofundishwa: rangi, ladha, harufu. Kwa mizani hiyo, maji ya mto yaliyotulia kwenye mtungi, baridi, hayana harufu, yanafaulu. Maji yaliyotiwa klorini yananuka kidogo, yanafeli. Mizani ile ile inampitisha mgonjwa na kumkamata daktari! Nina hakika hayuko peke yake. Nimewasikia watu wazima katika misikiti ya kwetu wakisema maji ya dawa "yamebadilika", wakayaacha na kwenda kuchota mtoni.

Jibu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni ya twahara. Mabadiliko yanayonajisi maji ni yale yaliyoletwa na najisi. Klorini si najisi. Maji yakichanganyika na kitu twahara, fuqahaa wa kwetu wanaangalia kama mabadiliko ni makubwa kiasi cha kuyaondolea jina la maji, yakawa chai, yakawa sharubati. Yakiwa madogo, yanabaki maji mutlaq, udhu ni sahihi na josho ni sahihi. Kiasi kinachotakiwa kubaki kwenye maji ya nyumbani ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Hakuna mtu duniani atakayekinywa akasema hiki si maji. Na shabu inayotumika kutuliza matope inazama pamoja na matope yake chini ya ndoo.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Wanazuoni waliposema rangi, ladha na harufu, walikuwa wanajibu swali la ibada: je, nikijitwaharisha kwa maji haya naweza kusimama mbele ya Mola wangu? Hawakusema kuwa kila kinachofaa kwa udhu kinafaa kwa tumbo. Maji ya bahari ni mfano ulio wazi. Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu udhu kwa maji ya bahari akathibitisha kuwa ni yenye kutwaharisha, na hakuna mvuvi wa Pemba wala Lamu aliyefahamu kutokana na hadithi hiyo kwamba ajaze dumu la safari baharini. Kidudu cha kipindupindu hakina rangi, hakina ladha, hakina harufu. Pipa lililofika qullatayn likiingiwa na uchafu wa mgonjwa mmoja bila kubadilika, kwa hukumu ya udhu ni twahara, na linaweza kuua watoto wa nyumba nzima. Suala la kunywa halimo kwenye mlango wa twahara. Limo kwenye mlango wa madhara, chini ya kanuni inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa usuli: kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Limo pia katika Suratul Baqarah, pale Allah (S.W.) anapotukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi.

Mwenzangu mmoja wa darasani alinipinga kwa kanuni nyingine: yakini haiondolewi na shaka. Asili ya maji ni twahara, kwa hiyo mpaka ithibitike vingine tunywe kwa amani. Ni hoja nzuri, lakini ameichukua kutoka mlango mmoja akaiweka mwingine. Kanuni ile inamwondolea mtu wasiwasi wa ibada ili asirudie udhu mara saba. Katika kulinda nafsi, ambayo ni moja ya mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, dhana yenye nguvu inatosha kutenda. Mji ukiwa na kipindupindu na maji yakiwa yametoka ukingoni bila dawa, shaka imeshapanda daraja. Tena tuna njia ya kuipima.

Nilikwenda Juba na vifaa viwili alivyonipa rafiki yangu wa kitivo cha afya. Kimoja ni kile kichupa cha kupimia klorini: unatia maji, unadondosha kidonge cha DPD, na kama klorini ipo maji yanakuwa ya pinki, unalinganisha ukolezi wa rangi na ile iliyochapwa pembeni. Cha pili ni chupa za hidrojeni salfaidi. Unajaza maji, unafunga, unaacha mahali penye joto siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, kuna dalili kwamba kinyesi kimeyafikia. Hakisemi kama ni kipindupindu, na mara nyingine kinaweza kukosea. Kipimo cha maabara kinachohesabu bakteria wa E. coli ndicho chenye uhakika zaidi, na hicho Shirika la Afya Duniani linataka kisikute hata mmoja katika mililita 100. Lakini kwa nyumba isiyo na maabara, chupa ile inatosha kukuamsha.

Tulipima sehemu tatu. Mpira wa lori siku lilipokuja: pinki hafifu. Pipa la uani kesho yake: hakuna kitu, na mfuniko wake ulikuwa kipande cha bati kisichoziba. Mtungi wa sabili: hakuna klorini, na chupa yake ikawa nyeusi kabla ya siku mbili kwisha. Ami aliishika ile chupa akaigeuza geuza kwenye mwanga. Akasema, "Haya ndiyo ninayompa mama yangu?"

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Klorini haikai milele. Inaliwa na uchafu, na jua, na muda. Maji yaliyotoka kituoni yakiwa mazima yanaweza kuharibika nyumbani, kwenye pipa lililo wazi, kwa kikombe kinachozamishwa na mkono uliotoka chooni. Na hili ukilitafuta katika Sunna unalikuta limekaa wazi kabisa. Mtume (S.A.W.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe midomo, akataja katika hadithi ya Jabir (R.A.) usiku mmoja katika mwaka ambao maradhi hushuka na hayapiti kwenye chombo kisichofunikwa ila huingia humo. Alimkataza anayeamka usingizini kuzamisha mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Alikataza kupumulia ndani ya chombo. Alitutahadharisha na mahali patatu panapowaletea laana wanaojisaidia hapo, na pa kwanza ni penye vyanzo vya maji. Tunazisoma hadithi hizi kama adabu za mezani. Zipange pamoja uone kama si somo zima la usalama wa maji, kuanzia mtoni mpaka kikombeni.

Basi tufanyeje? Nitaeleza tulivyofanya Hai Cinema, ingawa kila mahali pana maji yake. Msimu wa mvua Nile inakuja na rangi ya udongo, na klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Kwanza maji yatulie. Shabu kidogo inakusanya matope chini. Huko Sudan wanawake wa kando ya mto walikuwa wakitumia pia mbegu za mlonge zilizopondwa, jambo ambalo mtafiti Samia Al Azharia Jahn alilichunguza na kulieleza kwa wanasayansi. Bibi zetu wa pwani wanaupanda mlonge kwa mboga bila kujua kazi hii. Maji yakishatulia, yamimine taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa. Lakini usiishie hapo. Maji maangavu bado si maji salama, na hili ndilo kosa la watu wenye maji ya kisima au chemchemi yanayong'aa.

Kisha dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha dumu la lita 20 za maji maangavu. Unafunga, unasubiri nusu saa. Soma pakiti, maana vidonge vina ukubwa tofauti, na kuna watu wanaotia viwili "kwa baraka". Baada ya nusu saa pima: ukiona pinki hata hafifu, klorini imebaki ya kuyalinda. Usipoiona, maji yalikuwa machafu kuliko ulivyodhani, na dozi haikutosha.

Kuchemsha ni njia kongwe, na inaua hata vimelea ambavyo klorini haiviwezi. Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037 aliandika katika al-Qanun kwamba maji mabaya hutengenezwa kwa kuchemshwa. Yatokote kweli kweli kwa dakika moja, si kupata moto tu. Shida ya kuchemsha ni mkaa, na katika nyumba za kipato cha siku kwa siku usimwambie mama achemshe lita 40 kila asubuhi halafu ukajiona umetoa nasaha. Jua ni la bure: chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, yenye maji maangavu, ilazwe kwenye jua kali saa sita, na kama kuna mawingu siku mbili. Juba haina uhaba wa jua.

Tahadhari moja kwa wenzetu wa Arusha na Meru: haya yote ni ya vijidudu. Floridi inayotia meno rangi ya kahawia haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kutibu.

Wapo watakaosema huku ni kukosa tawakkul. Hadithi ya ngamia kila mtu anaijua, sitairudia. Nitamtaja Sayyidna Umar (R.A.), alipofika karibu na Sham akasikia kuna tauni, akarudi na watu wake. Alipoulizwa na Abu Ubaida (R.A.) kama anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia qadari ya Allah kuelekea qadari nyingine ya Allah. Na kama baraka peke yake ingetosha, maji ya Zamzam yasingehitaji chochote. Lakini mradi wa Zamzam uliozinduliwa Makka mwaka 2010 unayachuja na kuyapitisha kwenye mwanga wa urujuanimno kabla ya kuwafikia mahujaji. Hakuna aliyesema baraka imepungua. Na hapa kwetu, baada ya kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kuangamiza umati wa watu Unguja, Sayyid Barghash bin Said alivuta maji ya chemchemi kwa mfereji mpaka mjini, watu wakaacha kutegemea visima vilivyochanganyika na vyoo. Nadhani katika mambo yote aliyojenga, hilo lilikuwa zito kuliko jumba lolote.

Ami alikubali kwa sharti kwamba harufu isiwafukuze wanywaji. Kwa hiyo maji ya sabili tuliyatia dawa kwenye madumu baada ya Isha, yakalala yamefungwa, asubuhi yakamiminwa kwenye zir uliosuguliwa na kusuuzwa kwa maji ya dawa. Udongo wa mtungi unaila klorini haraka, hivyo yasiyonyweka siku hiyo yanamwagiwa miche. Tuliweka mfuniko wa mbao, na kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji, na kikombe cha kunywea kikawa mbali na kata. Siku ya kwanza kijana mmoja wa bodaboda alionja akakunja uso: "Maji ya leo yana hospitali." Kesho yake alirudi. Kiu haina mbadala mwingi pale mtaani.

Nilimwambia ami, na nawaambia nanyi, kwamba anayeweka sabili amechukua dhamana. Mpita njia hawezi kupima. Amekuamini kwa kuona mtungi uko mlango wa Muislamu. Ukijua, au ukiwa na dhana yenye nguvu, kwamba maji yana madhara, kisha ukamwekea, huwezi kujificha nyuma ya nia njema. Ni sawa na maji ya futari, maji ya matangani, na maji tunayowapa wageni wa jumuiya yetu.

Nalo hili la mwisho si la Juba. Alhamisi iliyopita mimi na rafiki yangu wa kitivo cha afya tulipima tangi la msikiti wetu hapa chuoni, ambalo maji yake yanatoka kisimani. Hayakutoa pinki hata kidogo. Chupa ya hidrojeni salfaidi tuliiacha kwenye kabati la maktaba ya msikiti, na Jumamosi asubuhi ilikuwa nyeusi. Taarifa imeshafika kwa uongozi wa jumuiya, sampuli imepelekwa maabara, na tangi litasafishwa na kutiwa dawa. Mpaka majibu yatoke, udhu wako kwa maji yale ni sahihi, na swala zako ulizoswali hazina tatizo. Ila usinywe kwenye bomba lile, wala usijazie chupa yako ya darasani. Pembeni ya mlango wa akina dada na wa akina kaka yamewekwa madumu mawili yenye mifuniko ya kijani. Hayo yametibiwa, na kidonge cha DPD kipo juu yake kwa anayetaka kuhakikisha mwenyewe.

Wallahu aalam.